SGR imefika Dodoma, kontena bado liko barabarani. Tujadili reli yetu bila ushabiki

#1 Wakala wa Kurasini (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nyuzi za SGR, reli yetu mpya ya kisasa, humu ndani huwa zina timu mbili. Timu ya kwanza inapiga selfi ndani ya Mchongoko (ile treni ya umeme yenye pua iliyochongoka), timu ya pili inahesabu madeni. Mimi kazi yangu ni uwakala wa forodha: natoa mizigo bandarini Dar na kuitafutia usafiri kwenda Kigali, Bujumbura na mashariki ya Kongo. Kwa hiyo reli naiangalia kwa jicho la kontena.

Kwa abiria, tuseme ukweli, wamepatia. Dar–Morogoro walianza tarehe 14 Juni 2024, Dodoma tarehe 25 Julai, na Rais Samia akazindua rasmi tarehe 1 Agosti. Nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa 13,000 hadi Moro na 31,000 hadi Dodoma. Safari iliyokuwa inakula mchana mzima kwenye basi sasa ni saa tatu na ushei, ikizidi ni nne. Anayebisha akawaulize wenye mabasi ya Dodoma.

Shida ni kwamba reli ya namna hii hailipwi na mtu na begi lake. Kipande cha Dar–Moro peke yake ni kama dola bilioni 1.2, Moro–Makutupora (mbele kidogo ya Dodoma) bilioni 1.9, na fedha nyingi ni za mkopo; ule ulioratibiwa na Standard Chartered mwaka 2020 tu ni dola bilioni 1.46. Abiria akijitahidi sana atalipia umeme na mishahara. Deni linasubiri mzigo, na mzigo haujaja kwa kasi ile tuliyoahidiwa kwenye hotuba.

Wengi wanadhani ni uvivu au hujuma za wenye malori. Hebu tulifuate kontena moja la futi 40 la kwenda Kigali.

Kwa lori: linanyanyuliwa bandarini, linawekwa kwenye trela, linafungwa sili, linapita Moro, Dodoma, Singida, Nzega hadi Rusumo mpakani mwa Rwanda, linashushwa kwa mteja. Kunyanyua mara moja, kushusha mara moja.

Kwa treni inayoishia Dodoma: linanyanyuliwa bandarini, linapandishwa kwenye behewa, linashushwa Dodoma, linawekwa chini au moja kwa moja kwenye lori, ndipo safari inaendelea. Huko kufaulisha kunalipiwa, na kila mara kontena linaponing'inia hewani ni nafasi nyingine ya mzigo kuharibika na ya watu kubishana nani alipe.

Halafu kuna hili ambalo wapangaji wa ofisini huwa hawaligusi: kontena tupu. Lile boksi ni mali ya kampuni ya meli. Likishashushwa Kigali lazima lirudi yadi ya Dar, la sivyo mteja anahesabiwa siku za kuchelewa kwa dola. Lori lililopeleka ndilo linalorudisha. Sasa lori likishafika Dar kushusha kontena tupu, lipo Dar tayari, linatafuta mzigo. Utamwambiaje mwenye lori arudi Dodoma mtupu akasubiri treni imletee kontena? Atakwambia lipa nauli ya kutokea Dar. Kwa hiyo umelipa treni na umelipa lori kama vile treni haipo.

Ndiyo maana nasema Dodoma ni mji mkuu wa nchi lakini kwa mzigo wa nje ni katikati ya pori. Faida ya mizigo inaanzia Isaka, Mwanza na Kigoma. Isaka kuna bandari kavu ya siku nyingi na barabara ya Rwanda iko mlangoni. Kigoma kuna ziwa, ukishafika gatini unaiona Bujumbura, Uvira na Kalemie kwa meli. Mikataba ya vipande vyote hivyo imeshasainiwa: Mwanza–Isaka na Makutupora–Tabora 2021, Tabora–Isaka na Tabora–Kigoma 2022. Kusaini si kazi. Vipande vyote vinagombania mfuko mmoja wa fedha kwa wakati mmoja, na kipande cha kati, Makutupora–Tabora, ndicho kinachoshika vingine vyote. Unaweza kumaliza Mwanza–Isaka kwa mbwembwe zote, kama Tabora haijaunganishwa na Makutupora umejenga reli ya kutembelea wajomba.

Tusijidanganye pia kwamba wenye mizigo hatujaanza kuilipia. Tangu 2015 kuna tozo ya maendeleo ya reli, ilianza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa ukijumlisha bima na nauli ya meli. Fungua tathmini yoyote ya TRA ya mzigo unaobaki nchini utauona mstari wake. Kwa hiyo nikiuliza treni ya mizigo iko wapi, nauliza kama mlipaji.

Karibuni.

#2 Kijana wa Ubungo

Nimeweka kambi hapa. Muuza kahawa pita huku.

#3 Tela Mbili

Mleta uzi umeandika vizuri ila umetuonea huruma ya uongo. Mimi nina malori. Kila siku tunaambiwa treni moja ya SGR inaweza kubeba tani 10,000, sawa na malori 500. Sawa. Hayo malori 500 yana madereva 500, utingo, mafundi, mama ntilie wa Misigiri na wenye gesti wa Kahama. Mmepiga hesabu yao?

Na hakuna anayesema kwamba lori linampelekea mtu mzigo mpaka mlangoni. Treni haina mlango wa mteja.

#4 Wakala wa Kurasini

@Tela Mbili mkuu, hizo tani 10,000 ni uwezo wa njia kwenye makaratasi. Treni ndefu namna hiyo inataka njia za kupishana zenye urefu wa kutosha, vichwa vya kutosha, na yadi ya kuipokea na kuishusha kabla nyingine haijafika. Usiogope tarakimu ya brosha.

Ila la mlangoni nakubaliana nawe. Reli ikifika Isaka, kazi ya lori haifi, inafupika. Badala ya kwenda Kigali na kurudi Dar unazunguka Isaka–Kigali. Safari nyingi fupi, matairi yanadumu, dereva analala kwake. Wanaoumia kweli ni hao wa Misigiri na gesti za njiani, sitakudanganya.

#5 Mtoto wa Gengi

Nimezaliwa nyumba za reli Tabora, mzee wangu alikuwa fundi. Naomba niwarudishe nyuma kidogo maana watu wanaongea kana kwamba reli Tanzania imeanza 2017 Magufuli alipoweka jiwe la msingi Pugu.

Reli ya kati Mjerumani aliianza Dar 1905, akafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mwingereza akaongeza tawi la Mwanza, likakamilika 1928. Baada ya uhuru tulikuwa na shirika moja la Afrika Mashariki, Jumuiya ikavunjika 1977, kila nchi ikachukua vipande vyake. Ndipo likazaliwa Shirika la Reli Tanzania (TRC) la kwanza.

Sasa angalia mageuzi. Mwaka 2007 tukaambiwa dawa ni mwekezaji. Ikaja kampuni ya RITES ya India kwa asilimia 51, serikali 49, mkataba wa miaka 25. Kampuni ikaitwa TRL. Njia, madaraja na majengo yakabaki kwa RAHCO, kampuni ya serikali. Haikufika miaka mitano: migomo ya mishahara, mivutano ya mtaji, na 2011 serikali ikachukua hisa zote za RITES. Baadaye sheria ya reli ya 2017 ikaunganisha RAHCO na TRL tukarudi kwenye jina lile lile, TRC.

Mimi nilikuwa naona ule mgawanyo kwa macho. Treni ikianguka, wa treni anasema njia mbovu. Wa njia anasema behewa bovu, magurudumu yameisha. Wote wana barua, wote wana mhuri. Abiria wamekaa chini ya mwembe wanasubiri.

Kitu kingine kilichokufa ni gengi. Zamani kila kilomita kadhaa kulikuwa na kambi ya gengi na nyapara wao. Asubuhi wanatembea njia kwa miguu na spana ndefu, nyundo na sururu. Wanakaza bolti za kiungio, wanagonga reli kusikiliza, wanasindilia kokoto chini ya taruma (kile kilalio kinachobeba reli) lililolegea, wanazibua mtaro kabla ya mvua. Kazi haina picha wala mkasi wa utepe. Walipopunguzwa, njia ilianza kuoza kimya kimya, na wezi wa vyuma chakavu wakapata sehemu ya kufanyia kazi.

SGR haina viungio vya bolti kama vya zamani, reli zimechomelewa, taruma ni za zege. Lakini mtaro ni mtaro. Na waya wa shaba juu unaibika kuliko chuma cha chini.

#6 Dada wa Kilosa

Asante #5 kwa kutaja mtaro. Watu wa Dar hawajui Kilosa–Kidete–Gulwe ni nini. Mto Mkondoa ukikasirika hauulizi. Mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko yaliondoka na tuta, treni zikasimama kwa miezi. El Nino ya 1998 vilevile. Reli inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, taruma bado zimeshikilia.

Na ule mto haupati hasira zake stesheni. Maji yanatoka juu huko kwenye milima iliyokatwa miti na kulimwa hadi kingo, yanashuka na mchanga, mchanga unajaa mtoni, mto unapanda juu kuliko reli. Unaweza kujenga madaraja mia, kama hujashughulika na huko juu, mto utakutafuta. SGR wamepita kwa mahandaki na madaraja sehemu hizo za Kilosa, ni kweli iko salama zaidi. Ila reli ya zamani bado ipo bondeni, na ndiyo inayopeleka treni Tabora, Mpanda na Kigoma.

#7 Kijana wa Ubungo

Kwani ya zamani si ingeachwa tu? SGR ipo.

#8 Wakala wa Kurasini

@Kijana wa Ubungo, hapana kaka. Hapa ndipo tunapoweza kujikwaa vibaya. Mtandao wa geji ya mita, yaani reli ya zamani yenye upana wa mita moja, ni zaidi ya kilomita 2,600 ukijumlisha Tanga, Moshi, Arusha, Mpanda na matawi mengine. SGR haijapangwa kugusa sehemu zote hizo kesho wala keshokutwa. Mradi wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2014, dola milioni 300, ulikuwa wa kuikarabati hiyo hiyo njia ya zamani Dar–Isaka, kilomita 970. Fedha ile ndogo ukilinganisha na SGR ilifanya kazi kubwa mno: njia ikaimarishwa, madaraja yakarekebishwa, mzigo ukaanza kurudi. Huku kaskazini wakafufua njia ambayo watu walishaifanya uchochoro: Dar–Moshi treni ya abiria ikarudi Desemba 2019 baada ya miaka ishirini na kitu, Arusha ikafuata 2020.

Nilishapeleka mzigo wa saruji kwa geji ya mita kwenda Kigoma. Ilichelewa, ndiyo. Lakini bei ilikuwa ya mtu wa Kigoma kujenga nyumba. Ukiiacha hiyo njia ife kwa kuwa kuna mpya nusu nusu, mtu wa Kasulu na Mpanda ndiye atakayelipia kiburi chetu.

Na usalama pia. Wenye umri mnaikumbuka Juni 24, 2002, treni ya abiria ilipanda mlima karibu na Igandu, ikasimama, ikaanza kurudi nyuma bila kushikika hadi ikaivaa treni ya mizigo Msagali. Watu 281. Njia ya zamani inayotumika bila kutunzwa ni hatari kuliko iliyofungwa.

#9 Bin Tudor

Salaam majirani. Niko Mombasa, naomba nichangie kama mtu aliyetangulia kuungua.

Sisi SGR yetu ilianza Mei 2017, Mombasa–Nairobi, injini za dizeli, mkopo wa benki ya Exim ya China. Abiria raha mustarehe, tiketi za Desemba hupati. Mzigo? Serikali ikaona hauji wenyewe, ikaamua kuulazimisha. Kontena zikitoka melini zinapelekwa kwa treni hadi bandari kavu ya Embakasi, utake usitake. Hapa kwetu watu wakaandamana. Yadi za kontena zikalala, madereva wakakosa kazi, Mariakani na Mtito Andei biashara zikazama. Na mwenye mzigo wa Mombasa mwenyewe kuna wakati alifuata kontena lake Nairobi kisha akalirudisha kwa lori. Mwaka 2022 Rais Ruto alipoingia akarudisha uondoshaji wa mizigo Mombasa.

Halafu njia ikaishia Suswa 2019, kwenye nyasi. Kwenda Malaba wakaunganisha na reli ya mkoloni. Kwa hiyo hiyo hadithi yenu ya Dodoma tunaijua, jina tu ndilo tofauti. Nawaomba, msiulazimishe mzigo. Ukiona mfanyabiashara hapandi treni, ameshapiga hesabu.

#10 Tela Mbili

@Bin Tudor nakununulia soda mkuu. Hilo la kulazimisha ndilo ninaloliogopa.

#11 Fundi Volti

Nyote mnazungumza kontena, hakuna aliyetaja umeme. Yetu ni ya umeme, volti 25,000 juu ya kichwa cha treni, tofauti na ya Kenya. Faida kubwa: hununui dizeli kwa dola, na Bwawa la Nyerere limeshaingiza mitambo kwenye gridi. Hasara: gridi ikitikisika, mabehewa yanasimama porini na viyoyozi vinazima. Mwaka 2024 mlicheka TRC waliposema ngedere na bundi wamesababisha hitilafu. Mimi sikucheka. Mnyama akigusa waya na nguzo kwa pamoja, kinga inakata sehemu nzima, ndivyo ilivyoundwa. Duniani kote wanaweka vizuizi na wanafyeka miti. Swali la kuuliza ni ilichukua muda gani kurudisha, na vichwa vya dizeli vya kuokoa treni vimekaa wapi.

#12 Mtoto wa Gengi

Na mafundi. Chuo cha Reli Tabora kinatakiwa kijazwe vijana wa ishara na umeme wa reli sasa hivi, wakandarasi wakiwa bado wapo. Mkandarasi akiondoka anaondoka na ujuzi wake. Vichwa vinatoka Korea, mabehewa ya mizigo yanatoka China, mfumo wa ishara una mwenyewe kwingine. Kompyuta ya kichwa ikikataa usiku wa manane Mkata, nani anaifungua?

#13 Mpita Njia wa Mbeya

Na sisi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia? Au hatuhesabiwi?

#14 Wakala wa Kurasini

@Mpita Njia wa Mbeya mnahesabiwa sana, shaba ya Kongo na Zambia inapita kwenu. Nchi hii ina geji tatu: milimita 1,000 ya reli ya kati, 1,067 ya TAZARA, 1,435 ya SGR. Behewa la moja halipiti kwenye nyingine. Ndiyo maana kule Kidatu kulijengwa sehemu ya kufaulisha mizigo kati ya TAZARA na reli ya kati.

TAZARA ni kilomita 1,860, Wachina waliijenga kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba, na ilibuniwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka 2014/15 ilishuka hadi tani zisizofika laki moja. Haikukosa mzigo, barabara ya Tunduma ilikuwa imejaa foleni ya malori muda wote. Ilikosa vichwa vinavyotembea. Mwaka 2025 wamesaini na kampuni ya Kichina CCECC mkataba wa miaka 30, uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Ninachokipenda hapo ni kitu kimoja: anayekarabati njia ndiye atakayeendesha treni juu yake, kwa hiyo akilipua kazi anajilipua mwenyewe. Ninachokihofia ni wenye treni binafsi, maana TAZARA ilishaanza kuwaruhusu tangu 2018. Wataendelea kupewa njia kwa bei ya haki, au mwenye reli atawabana kimya kimya?

#15 Dada wa Kilosa

Basi tupe lako. Ungekuwa na kauli TRC ungeanza na nini? Usituletee kurasa kumi.

#16 Wakala wa Kurasini

Kwa kifupi dada yangu.

Ningeanza na karatasi kabla ya zege. Mteja wa Kigali apewe hati moja na bei moja kutoka Dar hadi Kigali, treni na lori vikiwa humo ndani, na mtu mmoja wa kumlaumu kontena likipotea. Leo akitaka kutumia reli anasaini na huyu, anamlipa yule, anampigia simu wa tatu. Kwa lori anampigia @Tela Mbili tu.

Kontena tupu zirudi kwa treni kwa bei ya kutupa, na kampuni za meli zikubali kuzipokea Isaka au Kwala, mkoani Pwani. Hilo likikaa sawa, lori halina sababu ya kuja Dar, na hesabu yote niliyoandika juu inageuka. Kwala nilikuwa siipendi kwa sababu ni karibu mno na Dar, unalipia kunyanyua mara ya ziada kwa safari fupi. Ila tangu bandari kavu ilipozinduliwa pale mwaka 2025 pamoja na treni za mizigo za SGR, naona matumizi yake: lori la nje likipakia Kwala haliingii foleni ya barabara ya Mandela ya Dar kabisa. Kuna siku foleni ile inakula muda mrefu kuliko kwenda Moro.

Fedha zikiwa haba, zote ziende Makutupora–Tabora kwanza. Sherehe za Mwanza zisubiri.

Matengenezo yawekewe fungu lake ambalo waziri hawezi kulihamisha. Gengi lirudi, hata kama sasa litatembea na tableti.

#17 Tela Mbili

Hapo kwenye kontena tupu kurudi kwa treni umenigusa. Likirudi kwa treni mimi narudi na nini kutoka Kigali? Tela tupu?

#18 Wakala wa Kurasini

@Tela Mbili ukiwa unazunguka Isaka–Kigali kontena tupu unalishusha Isaka, unapakia lililojaa pale pale. Kilomita tupu zinakuwa sifuri. Ila ni kweli, bila treni kufika Isaka kwa ratiba inayoaminika, hesabu hii ni ya kijiweni.

#19 Tela Mbili

Ratiba inayoaminika. Haya, njoo inbox unipe mchanganuo wa Isaka, nina tela nne zinamaliza mkopo mwakani nataka kujua nizipeleke njia gani.